Mchanga wa Bagamoyo Ndani ya Pedi

Nimeshika mchanga! Nimekaa mkekani sebuleni, mtaa wa Dunda, Bagamoyo, saa nne usiku, miguu mikavu kabisa, na vidole vyangu vyote kumi vimeshika mchanga. Ndani ya tivii kijiroboti cheupe kinatembea ufukweni, na kila hatua yake inachakarika viganjani mwangu, chakacha, chakacha, chakacha. Kikapanda juu ya bati, pedi ikaanza kugonga kikavu, ti-ti-ti. Kikafika penye barafu, pedi ikawa inateleza. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo: inateleza, wakati imetulia mikononi. Nje ya dirisha ufukwe wenyewe ulikuwa pale pale, jahazi zimelala upande kwa sababu maji yamekupwa, nami mtoto wa pwani niliyezaliwa na mchanga kwenye nyayo nikawa nacheka peke yangu kwa mchanga wa plastiki.

Gemu hilo linaitwa Astro's Playroom, linakuja bure ndani ya kila PlayStation 5. Hata ukinunua mashine na usibakiwe na senti ya kununulia CD, una cha kuchezea usiku wa kwanza. Mimi nimelicheza usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Nieleze mashine zilivyofika. Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat amekuja likizo na mizigo miwili asiyotaka mtu mwingine aibebe: PlayStation 5 na Xbox Series X. Ya tatu, Xbox Series S, nimeiazima kwa rafiki wa Bunju, nikaja nayo kwa daladala ndani ya begi la shule, nimeipakata kupita Mapinga, Kerege hadi Bagamoyo. Zote tatu ni za kizazi kimoja. Za Xbox zilitoka tarehe 10 Novemba 2020, PS5 ikafuata siku mbili baadaye. Kwetu mashine huja kwa mwendo wa jahazi, lakini zikifika zimefika, na kuzichomeka zote tatu kwenye tivii moja kwa wiki nzima ni bahati ambayo sikuwahi kuiota. Plagi za Oman ni za pini tatu kama zetu, umeme wao unakaribiana na wetu wa volti 230, na mashine zenyewe zinakubali umeme wa aina zote. Hakuna transfoma, hakuna kuhangaika. Unachomeka, unawasha.

Maumbo kwanza, maana watoto wa mtaa walianzia hapo. PS5 ile ya mwanzo ina urefu wa sentimita 39, na mbavu zake mbili nyeupe zimejikunja nje kama matanga ya ngalawa yaliyopata upepo. Ni kubwa! Ilibidi tuhamishe chombo cha maua cha Mama. Series X ni tofali jeusi lililosimama, sentimita 15 kwa 15, kimo 30, halina pambo hata moja. Limenikumbusha zile nguzo za makaburi ya Kaole: limesimama, halina haja ya kukuambia lolote. Series S ni ndogo, nyeupe, haifiki kilo mbili, ina duara jeusi la feni ubavuni. Mama aliiangalia akauliza kama ni redio. Kwa macho tu, mimi nampa ushindi tofali jeusi. Watoto wote walikwenda kwenye matanga.

Sasa pedi, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza usingizi. Nimekulia kwenye mabanda ya gemu ya enzi za PS2, benchi moja, watu kumi, aliyefungwa anapisha. Tulizoea pedi inayotetemeka tu: ukigongwa, brrr, ukifunga goli, brrr. Ya PS5 haitetemeki, inasimulia. Na vitufe vya nyuma, R2 na L2, vina mota ndani inayokaza na kulegeza kitufe chenyewe. Ukivuta upinde, kitufe kinakuwa kigumu chini ya kidole cha shahada mpaka mshale utoke. Kwenye Gran Turismo 7 nilikanyaga breki kwa nguvu nikahisi tairi zinagoma kupitia kidole. Kidole! Kijana mmoja wa mtaani anayejifunza ngoma alishika pedi zote mbili kwa zamu, akafumba macho, akasema, "Kaka, hii ya Xbox inapigwa kwa fimbo. Hii nyingine inapigwa kwa kiganja." Nimetafuta maneno bora kuliko hayo wiki nzima, sijayapata.

Lakini pedi ya Xbox nayo isidharauliwe. Inakaa mkononi vizuri sana, labda vizuri kuliko zote nilizowahi kushika, na inatumia betri mbili ndogo, zile za saa ya ukutani. Ya PS5 ina betri yake ndani: ikiisha chaji katikati ya fainali unatafuta waya. Ya Xbox ikiisha, unamtuma mtoto dukani kwa Mangi na mpira haujapoa.

Kasi! Nimekuwa nikisoma namba hizi kwa miaka na sikuzielewa mpaka nilipoziona. PS5 inasoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde kutoka kwenye diski yake ya SSD. Series X inasoma 2.4. Kila moja ina kumbukumbu ya gigabaiti 16. Piga hesabu: PS5 inaweza kuijaza kumbukumbu yake yote kwa sekunde tatu hivi, Series X kwa sekunde saba. PS4, yenye diski ya kuzunguka, ilihitaji dakika nzima na ushee. Ndiyo maana tulikuwa tunaagiza chai gemu likiwa linafunguka. Nilifungua Spider-Man: Miles Morales, nikachagua mtaa wa mbali kwenye ramani, nikainua kikombe. Sikukifikisha mdomoni. Nilikuwa nimeshafika.

Kwa nguvu ya kuchora picha Series X ndiyo mbele, teraflopu 12 dhidi ya 10.28 za PS5, na Series S ina 4. Kwenye tivii ya kwetu ya inchi 43 isiyo ya 4K, mimi na wenzangu sita tulikaa tukibishana ipi picha yake safi zaidi kati ya mbili kubwa, na hakuna aliyeweza kuthibitisha. Tuliache hilo.

Jambo lililonipiga butwaa, na ambalo sijaona linazungumzwa inavyostahili huku kwetu, ni umeme.

Jumatano umeme ulikatika. Kama kawaida, bila hodi. PS5 tulikuwa tumeiacha imelala, taa ya rangi ya chungwa, gemu likiwa limesimamishwa katikati ili tukale. Umeme uliporudi, mashine iliwaka ikatuambia haikuzimwa inavyotakiwa, na gemu likaanzia mahali lilipohifadhiwa mara ya mwisho. Nusu saa ya kazi imekwenda na maji. Ndivyo ilivyo: PS5 ikilala inashikilia gemu kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote.

Series X haifanyi hivyo. Ukitoka kwenye gemu, inaliandika gemu lote kama lilivyo, sekunde ile ile, kwenye SSD. Wanaita Quick Resume. Nilisikia, sikuamini, nikaamua kuijaribu kikatili. Ndugu yangu ana CD ya Red Dead Redemption ya Xbox 360, ya mwaka 2010, ambayo Series X inaikubali. (Ilibidi ivute gemu lenyewe kwa intaneti kwanza, CD inakuwa kama ufunguo; hilo alilimaliza Muscat.) Nilimsimamisha farasi wangu katikati ya mto, nikahamia gemu jingine, nikazima mashine, nikachomoa waya ukutani. Nikaifunga kwenye kanga. Tukapanda bajaji mimi na yeye hadi Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo kwa shangazi, kilo nne na nusu mapajani, kila tuta namwomba dereva apunguze. Tukamwamkia shangazi, tukala, tukachomeka mashine kwenye tivii yake.

Farasi alikuwa mtoni. Mguu mmoja juu! Maji yakaendelea kupita kana kwamba tulikuwa tumepepesa macho tu. Nilipiga kelele mpaka shangazi akatoka jikoni na mwiko.

Niwe mkweli: umeme ukikatika ghafla wakati unacheza, gemu ulilomo linarudi mahali lilipohifadhi, hakuna muujiza hapo. Lakini yale mengine uliyoyaacha yanakusubiri, na ukizima kwa utaratibu kabla ya kulala huna haja ya kuogopa usiku. Kwa nyumba ya pwani hii, waliobuni kitu hicho wametutendea wema bila kutujua.

Hesabu ya uniti nayo nimeipiga. Mashine mbili kubwa zikichezeshwa magemu mazito hula wati kama 200, yaani uniti moja ya LUKU kila saa tano. Series S inakula kama 80, uniti moja inakufikisha saa kumi na mbili. Kwa mwenye banda anayefungua asubuhi na kufunga usiku, hiyo ni tofauti ya kuonekana mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kadogo kale keupe kaliniuma moyo. Kalitoka kwa dola 299 wakati wenzake ni 499, hakatoi sauti, hakapati joto la kutisha, na kwa tivii za sebule zetu picha yake inatosha na kubaki. Shida yake ni moja tu, nayo ni kubwa kuliko yeye: hakana mahali pa kutia CD. Kila kitu uvute kwa intaneti. Gemu moja la sasa linaweza kupita gigabaiti 100, na SSD yake nzima ni 512. Kwa bando la simu, hapa Bagamoyo, gemu la namna hiyo linagharimu zaidi ya CD ya mkononi. Ukiwa na intaneti ya waya isiyohesabu, chukua Series S leo, usisubiri. Rafiki yangu wa Bunju anayo, na ana furaha. Mimi nilirudi kuangalia begi mara mbili kabla ya kukubali kwamba kwangu haiwezekani.

Halafu chumvi na vumbi. Anayeishi karibu na bahari anajua skrubu inavyopata kutu ndani ya msimu mmoja. PS5 imenifurahisha hapa: mbavu zile nyeupe zinatoka kwa mkono, bila bisibisi, na ndani kuna vitundu maalumu vya kukusanyia vumbi ambavyo unavifyonza kwa mashine ya vumbi. Nilizitoa siku ya nne, vumbi lilikuwa tayari limeanza kukaa pale pale lilipotayarishiwa. Kijitabu chake kinasema ifanye kazi kwenye joto la nyuzi 5 hadi 35. Februari yetu inagusa 32, 33. Iacheni ipumue, msiisukume kabatini wala kuifunika kitambaa cha kudarizi, hata kama ni kizuri. Mama amekubali baada ya majadiliano.

Na magemu yenyewe? Duka la mtandaoni la PlayStation halina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake. Kusini mwa Sahara utaikuta Afrika Kusini tu. Akaunti ya ndugu yangu ni ya Oman kwa kuwa anaishi huko. Kwa sisi wa huku, basi, CD ndiyo gemu lenyewe: inanunuliwa Kariakoo, inaazimwa Magomeni, inabadilishwa Kiromo, inarudi na mikwaruzo na hadithi zake. Na CD zinazozunguka pwani hii, tangu nilipokuwa kwenye benchi lile, ni za PlayStation. PS5 inakubali karibu kila CD ya PS4. Series X inafungua hata baadhi ya CD za Xbox ya kwanza ya 2001, heshima kubwa kwa wazee wake, lakini niliuliza mtaa mzima nani ana CD ya Xbox nikapata moja, ya ndugu yangu.

Anaondoka Jumapili. Jana usiku, tumekaa kibarazani, upepo wa kaskazi unavuma, akaniuliza, "Kaka, moja inabaki. Nikuachie ipi?" Nilifikiria farasi aliyesimama mtoni. Nilimfikiria kwa muda mrefu kuliko alivyotegemea, maana sijawahi kuona mashine inayomheshimu mtu wa umeme wa kukatika namna ile, na najua nitaikumbuka kila taa zitakapozima. Kabla sijajibu, hodi. Mtoto wa jirani, miaka kama kumi, ana mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko CD ya FIFA ya PS4 iliyofungwa kwa gazeti.

"Shikamoo mjomba. Hii inaingia humo?"

Ikaingia. Nikampa pedi.