Ngazi Zisizoandikwa: Sifa za Fundi wa Igisoro

Mchezaji wa igisoro, bao la Kinyarwanda, hapa Kamembe hana cheo kilichoandikwa popote. Hata hivyo, waliolizunguka bao wanajua nani amefika wapi. Wanamjua anayehesabu kwa kidole, shimo baada ya shimo, na wanamjua ambaye amekwisha kuona mwisho wa mzunguko kabla mwenzake hajainua mkono. Umri haumpi mtu nafasi hiyo, wala mali. Ameipanda ngazi kwa kucheza, na kila mtu aliyekuwepo amemwona akipanda.

Nataka kuusifu upandaji huo, kwa sababu naamini ni ufundi wenyewe.

Kwanza bao. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Unachota kete za shimo moja, unazipanda moja moja kuzunguka safu zako. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazizoa zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu inahama. Utamu uko katika kula. Kete yako ya mwisho ikitua kwenye shimo la safu ya mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayolikabili yana kete, unazila zote, kisha unazipanda upya kuanzia pale mzunguko huo ulipoanzia. Hakuna kete inayotoka baoni. Zinahama tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na ndiyo maana aliyebaki na kete chache anaweza kumkomba tajiri kwa zamu moja. Anayeshindwa ni yule asiye na shimo hata moja lenye kete mbili za kumwezesha kucheza.

Anayeanza huziona kete zake tu. Anapenda shimo lililojaa, analilinda, anajisikia tajiri. Hatua ya kwanza ya kweli ni siku anapotambua kwamba kinachohesabika ni mashimo mawili kwa pamoja: moja likiwa tupu, la pili haliliki. Kuanzia hapo anajifunza jambo lisilo la kawaida kwa binadamu, yaani kuacha shimo tupu kwa makusudi na kuuona utupu huo kuwa ngao. Hatua inayofuata ni ngumu zaidi. Anaanza kuona bao kama litakavyokuwa baada ya mwenzake kucheza. Yapo pia mashimo machache yanayoruhusu kupanda kinyume ili kula, na hapo ndipo wengi wanaokomaa huangamia: wamehesabu njia zote za mbele, wakasahau ile ya nyuma. Fundi hasahau. Ukimtazama vizuri, macho yake huanza na mashimo hayo.

Nayasema haya kwa maneno ya bao la Waswahili kwa kuwa ndivyo tunavyozungumza huku. Mji wetu wa Cyangugu umekaa ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, Bukavu ya Kongo iko ng'ambo, Mto Rusizi unatugawa na daraja linatuunganisha. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko letu muda mrefu kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Penye igisoro, Kinyarwanda na Kiswahili hupokezana bila mtu kushtuka.

Sasa, mbali sana na Kivu, kuna watu waliojaribu kuandika ngazi hizi kwenye karatasi. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji humwigiza mhusika mmoja, msimulizi hueleza yanayompata, na dadu huamua yenye shaka. Jambo jipya lililowashika watu ni kwamba mhusika alikua. Alijikusanyia pointi za uzoefu, akapanda daraja, akapewa hata jina jipya: mpiganaji aliyefika daraja la nne aliitwa shujaa. Wazo hilo leo limejaa katika michezo ya kompyuta na ya simu dunia nzima. Lakini kanuni ile ya kwanza ilitoa pointi hata kwa dhahabu. Aliyetoka pangoni na mfuko mzito alipanda daraja, na kwa kupanda akawa hodari zaidi wa upanga. Hapo sikubaliani nayo. Mali haimfundishi mtu mkono.

Kanuni ninayoisifu ilikuja mwaka 1978, katika mchezo uitwao RuneQuest, ulioandikwa na Steve Perrin na wenzake na kutolewa na kampuni ya Chaosium. Humo kila ujuzi una asilimia yake: kupanda mlima, kunyata, kurusha mkuki. Ukiutumia ujuzi mahali penye hatari ukafanikiwa, unauwekea alama. Safari ikiisha, unarusha dadu za kuhesabu hadi 100, na ili ujuzi uongezeke lazima upate namba iliyo juu ya ile uliyo nayo. Tazama kinachotokea. Mwenye 30 ana nafasi 70 kati ya 100 za kuongezeka. Mwenye 90 ana nafasi kumi tu. Kanuni moja fupi imeeleza mambo mawili yaliyo kweli: ujuzi hukua pale ulipotumika, na kadiri unavyopanda ndivyo ngazi zinavyoachana.

Yeyote aliyekaa kando ya igisoro ameliona hilo bila dadu. Kijana wa wiki chache huwapita wenzake upesi mpaka anaanza kujisifu. Halafu anasimama. Anacheza mwezi baada ya mwezi, haongezeki, na wengi huacha hapohapo wakidhani wamefika. Wanaobaki ni wale waliokubali kuketi mbele ya mtu anayewashinda kila siku. Hili nalo limeandikwa: katika Burning Wheel, mchezo wa Luke Crane wa mwaka 2002, ujuzi wa juu hauongezeki mpaka mhusika ajaribu mambo yaliyomzidi uwezo, na jaribio lililoshindwa huhesabiwa pia. Nilipoisoma kanuni hiyo nilimheshimu mwandishi wake. Ametambua kwamba kushindwa mbele ya anayekuzidi ni sehemu ya malipo, na hapa petu hakuna njia nyingine ya kuufikia ufundi.

Bao la pwani limejiwekea ngazi wazi zaidi. Kuna bao la kujifunza, ambalo mtoto huanza nalo, kisha bao la Kiswahili lenyewe, lenye mashimo maalumu yaitwayo nyumba, vichwa na kimbi, na lenye awamu mbili: namua, ambapo kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na kuziingiza moja moja, kisha mtaji, ambapo kete zote ziko baoni. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1995, akitafuta mpaka wa akili ya mtu katika kubeba hesabu hizi. Nafurahi kwamba aliwaendea mabingwa. Ufundi huu unastahili kupimwa kwa walioufikisha mbali, kama vile sataranji inavyopimwa.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo kanuni za karatasi hazijalifikia vya kutosha, nalo ni watazamaji. Igisoro huchezwa na wawili, lakini hujifunzwa na wote waliosimama. Mmoja anaguna kete inapotua vibaya. Mwingine anamwonyesha jirani yake shimo ambalo angelichota yeye. Mzee akicheza zamu isiyoeleweka, vijana hubishana mpaka mmoja aone alichokusudia, na siku hiyo kijana huyo amepanda ngazi bila kugusa kete. Katika kanuni ya 1978 alama huenda kwa aliyetenda. Kando ya bao, mwenye jicho hupata fungu lake, na nadhani mafundi wengi wameanzia kwenye jicho hilo kabla ya mkono.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wa Kamembe, Bukavu, Bujumbura na kwingineko wanaobuni michezo, ya mezani au ya simu. Msichukue ngazi za wengine kama zilivyo. Ketini kando ya igisoro, tazameni mtu anavyotoka kwenye kidole hadi kwenye jicho, kisha andikeni kanuni inayomlipa aliyejaribu yaliyomzidi na aliyetazama kwa makini. Na iandikeni kwa Kiswahili, ili anayevuka daraja la Rusizi asubuhi aweze kuicheza pande zote mbili.