Kumpa Mwalimu Sikujua Mahali Pake

Mshairi Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo 1840, na tungo zake nyingi zikabaki vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizitafuta, akazikusanya na kuzifafanua, akishirikiana na mmishonari Mwingereza, William Taylor. Miswada iliyotokana na kazi hiyo, katika hati ya Kiarabu, imo leo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London.

Nyaraka za aina hii hupangwa kwa jina la aliyezimiliki. Mwalimu, ambaye pasi na yeye pengine pasingekuwa na cha kuhifadhi, huishia ndani ya mstari wa maelezo, na kompyuta huusoma mstari huo kama herufi tupu. Amtakaye Sikujua hulazimika kujua kwanza kwamba amtafute Taylor.

Data unganishi inaweza kuiondoa dhuluma hiyo, na ndiyo maana naipenda kazi hii. Kila mtu, mahali na utungo hupewa kitambulisho cha kudumu kwenye intaneti. Kisha mkutubi hutamka uhusiano kwa kauli fupi zenye sehemu tatu: Muyaka – alitunga – shairi hili; Sikujua – alikusanya – shairi hili; shairi hili – lahusu – Mombasa. Maktaba nyingine zikitumia vitambulisho vilevile, muswada wa London hukutana na diwani ya Muyaka aliyoihariri William Hichens, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, na kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz kuhusu Muyaka kilichotoka Nairobi mwaka 1979. Mwanafunzi anayechunguza ugomvi wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, atajikuta mbele ya beti za Muyaka, hata kama hakuwahi kulisikia jina lake.

Uzuri wenyewe umo katika kuchagua kitenzi. Alitunga, alinakili, alikusanya, alihariri, alimiliki: katika ushairi wetu hizi ni kazi za watu mbalimbali, na kuzirundika zote chini ya neno "mwandishi" ni kuwanyima watu haki yao.

Halafu kuna majina. Muyaka bin Haji, Muyaka wa Muhaji, Muyaka bin Mwinyi Haji al-Ghassaniy: ni mtu mmoja. VIAF, hifadhidata ya kimataifa ya majina, hukusanya sura mbalimbali za jina kutoka maktaba nyingi za kitaifa, lakini uamuzi wa mwisho huhitaji mtu anayepima mji, zama, nisba na ukoo. Katika pwani iliyojaa kina Abdallah bin Ali, ukiwafanya wawili kuwa mmoja, kosa lako husafiri hadi kila kiungo kinakofika. Namheshimu sana mkutubi anayewaacha wakae mbalimbali mpaka apate ushahidi.

Kwa hiyo kazi hii isiachiwe London peke yake. Wakutubi wa Mombasa, Lamu na Zanzibar wawe na ruhusa ya kuongeza na kusahihisha kauli hizo wao wenyewe, maana wao wanaweza kubisha hodi kwa jamaa za wanakili na kuuliza nani alikuwa mwana wa nani.