Kuishikilia Sifuri

Chura wa maji baridi anaishi kwa deni la chumvi. Mwilini anayo tele, bwawani karibu haipo, na ngozi yake ni laini na yenye unyevu saa zote. Ungetegemea chumvi imtoke kidogo kidogo mpaka imwishie. Katika miaka ya 1930 August Krogh, mwanafiziolojia wa Copenhagen, alionyesha kwamba chura huyo huivuta chumvi kutoka majini na kuiingiza mwilini kupitia ngozi. Likabaki swali la kifundi: utajuaje kwamba ngozi yenyewe ndiyo inayovuta, na si nguvu nyingine inayosukuma?

Jibu alilitengeneza Hans Ussing, katika mji huohuo. Nasema alilitengeneza kwa sababu jibu lilikuja kama chombo: vikombe viwili vya plastiki ngumu vyenye matundu yanayotazamana. Kipande cha ngozi ya tumbo la chura hutandazwa katikati, kisha vikombe hubanwa pamoja. Ngozi ya ngoma huwambwa mpaka ilie; hii ikivutwa kidogo tu imeharibika. Fundi huishika kwa kibano pembezoni, mahali ambapo hapatapimwa, na kuilaza ikiwa bado inateleza. Kazi nyingi hufia ukingoni. Plastiki inapokandamiza, seli hupondeka, na seli zilizopondeka huacha tundu ambalo ioni hupita bila kuulizwa. Wengine hupaka grisi kidogo ya silikoni kwenye mdomo wa kikombe. Ikizidi, itatambaa hadi juu ya ngozi inayopimwa.

Baada ya hapo kazi yote ni ya kuondoa. Vikombe vyote viwili hujazwa myeyusho uleule, wenye chumvi kwa kiasi kilekile, na hewa hupulizwa ndani ili usitulie. Tofauti ya chumvi imekwisha. Inabaki tofauti ya umeme, maana ngozi hai huwa chanya upande wa ndani kwa makumi ya milivolti, na umeme huo nao unaweza kusukuma ioni. Ussing aliufuta kwa mkondo kutoka nje. Elektrodi mbili husoma volti karibu kabisa na ngozi, kupitia mirija iliyojaa jeli ya agari yenye chumvi. Nyingine mbili hupitisha mkondo zikiwa mbali, ili usambae sawasawa. Kisha mtu anakaa na kitufe cha kuzungusha, anaongeza mkondo mpaka volti isome sifuri, na anaishikilia hapo. Ngozi iko hai, haitulii. Sifuri inaponyoka, mkono unairudisha, na mchezo huo unaweza kuendelea kwa saa kadhaa.

Hapa ndipo ninapompa Ussing heko. Watafiti wengi wangeridhika kuisoma ile volti kubwa na kuishangaa, kama ilivyokuwa tangu Emil du Bois-Reymond alipoipima katika karne ya 19. Yeye aliiua kwa makusudi. Chumvi sawa pande zote, volti hakuna: chochote kinachoendelea kuvuka kinavushwa na seli zenyewe. Mwaka 1951 yeye na Karl Zerahn walitoa hesabu zao. Sodiamu iliyovuka, wakiifuatilia kwa sodiamu yenye mnururisho, ililingana na mkondo uliohitajika kuifuta volti.

Mwaka 1958, pamoja na Valborg Koefoed-Johnsen, alichora ramani ya seli hiyo: uso wa nje una njia ya sodiamu, uso wa ndani una njia ya potasiamu na pampu inayoitoa sodiamu na kuiingiza potasiamu. Pampu yenyewe Jens Christian Skou alikuwa ameikuta mwaka uliotangulia katika neva za kaa. Mlango wa nje hakuna aliyekuwa ameuona.

Lakini kwenye kikombe unaweza kuushika. Tia dawa ya amiloridi upande wa nje, na ndani ya sekunde chache mkondo unaporomoka. Isafishe, unapanda tena. Kipimo kilekile ukikitia upande wa ndani, mkondo unabaki palepale. Upande huo una adui mwingine: uabaini, sumu ya msunguti, mti ambao Wawaata wa nyika ya pwani ya Kenya waliutumia kwenye mishale ya kuwindia tembo. Kwa uabaini mkondo hauporomoki, unafifia taratibu, kwa sababu kilichozimwa ni pampu, na sodiamu inaendelea kujaa ndani ya seli mpaka isiwe na sababu ya kuingia.

Mwaka 1977 Bernd Lindemann na Willy Van Driessche waliusikiliza mtetemo mdogo wa mkondo wakati amiloridi ikiziba na kuzibua, wakakokotoa kwamba mlango mmoja hupitisha sodiamu zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Kasi hiyo hakuna protini ya kubeba mzigo mmojammoja inayoiweza. Ni tundu lililo wazi. Protini zake tatu zilipatikana Lausanne miaka ya 1993 na 1994.

Vikombe havijastaafu. Ivakaftori, dawa ya sistiki fibrosisi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, ilipimwa humo juu ya seli za njia ya hewa za wagonjwa, ambao mlango wao wa kloridi una kasoro. Siku hizi saketi ya elektroniki ndiyo inayoishikilia sifuri. Kuipanga tishu bado ni kazi ya vidole, na ile yenye ukinzani mdogo kuliko inavyotarajiwa hutupwa kabla kipimo cha kwanza hakijaandikwa.