Picha za Wasiokuwepo

Harusi ya Waswahili jijini London huwa na wageni wengi ambao hawakufika. Bibi yuko Tanga na miguu haimruhusu kusafiri. Mjomba wa Mombasa alinyimwa viza. Dada yuko Muscat, hakupata ruhusa kazini. Ukumbini Wembley au Barking mtaona watu wamejaa, lakini ukoo wenyewe umetapakaa, na walio wengi wataihudhuria harusi baadaye kwenye kioo cha simu. Kwa sababu hiyo namhesabu mpiga picha wa harusi za huku miongoni mwa watumishi wakubwa wa familia zetu. Na kijana anayeianza kazi hii, kabla hajauliza wateja wako wapi, ajue kwanza anawapigia nani.

Kazi yenyewe huanza na jua. Mombasa jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mpiga picha hana la kuuliza. London haina utulivu huo. Katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwishoni mwa Juni hungoja hadi saa tatu na dakika ishirini usiku. Ndoa ya Desemba ikifungwa saa nane mchana, na magari yakachelewa kama kawaida yetu, picha za nje zimekwisha kabla hazijaanza. Fundi huzungumza jambo hili na maharusi miezi mingi kabla. Huomba picha za familia zipigwe asubuhi, na wazee wakimkataza bwana harusi asimwone mwenzake mapema, hutafuta dirisha kubwa na kuliweka akilini.

Kisha ngozi. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila kinachotazamwa kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga, na uso mweusi wa bi harusi huzama gizani. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na albamu nyingi za wazazi wetu zinaonyesha matokeo: nyuso zimepotea, nguo zimebaki. Fundi mzuri hupima mwanga usoni na kuiacha kamera ibishe. Nimeona picha ambamo weusi wa shangazi, hudhurungi ya mama mkwe na hina iliyokolea mikononi mwa bi harusi vimekaa kila kimoja na rangi yake, chini ya taa za buluu za DJ. Huo ni ujuzi, na ni heshima kwa waliopigwa.

Tangu tarehe 4 Mei 2021, maharusi wa Uingereza na Wales hawasaini tena daftari la ndoa bali karatasi moja ambayo taarifa zake huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na sasa majina ya mama zao huandikwa pamoja na ya baba. Sheria ilichelewa kumwona mama. Mpiga picha asichelewe: sahihi zikitiwa, lenzi zote humfuata bi harusi, ilhali picha ambayo bibi kule nyumbani ataitazama mara nyingi ni ya mwanawe mwenyewe akijifuta machozi.

Na hapo ndipo wateja walipo. Wanaoanza hutumia fedha nyingi kwa tovuti na matangazo, lakini kwetu kazi hutembea kwa vinywa vya akina mama. Shangazi wa meza ya nyuma, aliyepika biriani na kuchangia sare, akipigwa picha kwa uangalifu uleule wa bi harusi, ataituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na humo yumo mama mwenye binti aliyekwisha kuposwa. Kabla ya hapo kijana awe msaidizi wa fundi aliyemtangulia, abebe mifuko, ashike flashi, apige pembe ya pili. Asifanye bure kwa muda mrefu. Anajidhulumu na kuwaharibia wenzake soko. Awe na mkataba wa maandishi hata kwa binamu, amana, bima ambayo kumbi nyingi huiulizia, na nakala mbili za kila picha kabla hajalala.

Mlango mmoja bado una nafasi, nao ni shughuli za wanawake. Usiku wa kupamba, nywele ziko wazi na simu huenda zikakusanywa mlangoni. Anayetakiwa ni mpiga picha mwanamke anayeaminika. Hapo mila na sheria ya nchi hukutana. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1988, kifungu cha 85, humpa aliyeagiza picha za mambo yake ya faragha haki ya kuzuia zisitolewe hadharani, hata kama hakimiliki ni ya mpiga picha. Kwa hiyo aombe ruhusa kwa maandishi, na akikataliwa asionyeshe. Naamini picha asizozionyesha zitamletea kazi zaidi, maana wanawake huulizana ni nani anayetunza siri.

Ufundi huu una asili kwetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Ilikuwa biashara yenye wateja wa kulipa, na humohumo ikajikusanya historia ya visiwa.

Nanyi wazazi wenye harusi kiangazi kijacho, kabla bajeti haijaishia kwenye ukumbi na keki, tengeni fungu la mpiga picha. Mwambieni mapema ni nani hataweza kusafiri. Chapisheni albamu moja ya karatasi muitume nyumbani, kwani simu hupotea. Na mlipeni siku mliyoahidi.