Hesabu ya Jiwe Moja: Uchambuzi wa Magurudumu ya Mwendo wa Daima

Katika fani zote za ubunifu wa mitambo, pengine hakuna iliyowashughulisha mafundi wa kujifunza wenyewe kwa muda mrefu kama ile ya kuunda gurudumu litakalojizungusha kwa uzito wake tu, bila maji, bila upepo, bila mnyama wala moto. Bhaskara, mtaalamu wa hisabati na nyota wa Bara Hindi, alieleza gurudumu la namna hiyo katika karne ya 12, ambalo njiti zake zilikuwa na uwazi ndani na zimetiwa zebaki isiyozijaza. Na Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, akaacha katika daftari lake mchoro wa gurudumu lenye nyundo saba zinazoning'inia ukingoni. Tangu hapo silsila haijakatika, na hata leo wapo watu waaminifu na wenye mikono ya ustadi ambao, baada ya kazi za mchana, hukata mbao, hutoboa matundu na kupanga goroli wakitafuta jambo lile lile. Kuwadhihaki ni rahisi, wala hakumfundishi mtu kitu. Lenye faida ni kuufungua mtambo wao kipande kwa kipande, ili ijulikane wazo lake limesimama juu ya nini, na ni mahali gani hasa linapovunjika.

Wazo lenyewe si la kijinga, maana limezaliwa na wenzo. Kila aliyewahi kung'oa kisiki kwa mtaimbo anajua kuwa uzito mdogo ulio mbali na egemeo huweza kuushinda uzito mkubwa ulio karibu. Na gurudumu, kwa macho ya mbunifu, ni wenzo usio na mwisho, ambao egemeo lake ni mhimili. Basi hujiambia kwamba, akiweza kuyapanga mawe yake hivi kwamba yaliyo upande wa kushuka yakae mbali na mhimili, na yaliyo upande wa kupanda yakae karibu nao, upande mmoja utakuwa mzito kuliko mwenziwe wakati wote, na gurudumu halitakuwa na hiari ila kuzunguka. Njia za kulitimiza kusudi hilo ni nyingi kwa sura, lakini ukoo wao ni mmoja: mikono yenye bawaba inayofunguka ikivuka kilele na kukunjika ikianza kupanda, au goroli zinazobingirika ndani ya vijumba vilivyopinda, au mawe yanayoteleza juu ya fito.

Aliyeueleza mpango huo kwa ufasaha mkubwa ni Edward Somerset, Marquess wa Worcester, katika kitabu chake cha mwaka 1663 kilichoorodhesha uvumbuzi mia moja. Anasimulia kuwa gurudumu lake lilikuwa na upana wa futi 14 na mawe 40, kila jiwe ratili 50, na kwamba lilijaribiwa katika ngome ya Tower jijini London mbele ya Mfalme Charles wa Kwanza, mabalozi wawili na wakuu wa baraza; wote wakaona kuwa kila jiwe, likivuka mstari wa katikati upande mmoja, lilisogea futi moja mbali na kitovu, na likiuvuka upande wa pili lilisogea futi moja karibu nacho. Ajabu ni kwamba bwana huyu hasemi popote kuwa gurudumu liliendelea kuzunguka. Humwachia msomaji kuamua matokeo. Ukaribisho huo ni wa heshima, na inafaa tuupokee.

Yeye hakutoa vipimo vya ndani, kwa hiyo tuchukue sura iliyo nyepesi kuliko zote: jiwe linaposhuka lipo futi 7 kutoka kitovuni, na linapopanda lipo futi 6. Sasa tulifuate jiwe moja katika safari yake nzima, tukiandika mapato na matumizi kama mfanyabiashara mwangalifu, na kipimo chetu cha kazi kiwe ile ya kuinua ratili moja kwa kimo cha futi moja. Kutoka kileleni, futi 7 juu ya kitovu, hadi chini kabisa, futi 7 chini yake, jiwe limeshuka futi 14, na kwa kuwa uzito wake ni ratili 50, limetoa kazi ya vipimo 700. Upande wa pili linapanda kutoka futi 6 chini ya kitovu hadi futi 6 juu yake, yaani futi 12, na kazi inayohitajika ni vipimo 600. Inaonekana imebaki faida ya vipimo 100 kwa kila jiwe, na kwa mawe 40 ni vipimo 4,000 katika kila mzunguko; na hapa ndipo mbunifu aghalabu huweka kalamu chini na kushika msumeno.

Lakini daftari halijafungwa. Jiwe lilifika chini likiwa futi 7 kutoka kitovuni, na safari ya kupanda ikaanza likiwa futi 6. Nani aliliinua futi ile moja? Pale chini kabisa, kulisogeza jiwe kuelekea kitovuni ni kulipandisha, nako hugharimu vipimo 50. Na kule kileleni, ambako lilifika likiwa futi 6 juu ya kitovu na kuanza kushuka likiwa futi 7, kulisogeza mbali na kitovu ni kulipandisha vilevile, navyo ni vipimo 50 vingine. Jumla ni 100, sawasawa na ile faida, pasipo kubaki hata kimoja. Ukibadili futi 6 kuwa 5, faida itakuwa 200 na gharama itakuwa 200. Na ukipinda njia ya jiwe kwa umbo lolote lile, jawabu halitageuka, kwa sababu kazi ya uzito hutegemea kimo kilichoshukwa na kilichopandwa, wala haijali jiwe limepitia wapi.

Mbunifu atajibu kuwa katika mtambo wake hakuna anayeyainua mawe, bali husogea yenyewe. Jibu hilo ndilo linalofaa kuchunguzwa kuliko yote. Jiwe lililoachwa huru juu ya ufito huteleza kuelekea kitovuni pale tu linapokuwa juu ya usawa wa mhimili, na huteleza mbali nacho pale tu linapokuwa chini ya usawa huo. Kwa hiyo, likiachiwa hiari yake, hufanya kinyume cha lililotakiwa, na mawe yote huishia kukaa nje chini na ndani juu, nalo gurudumu hupembea kidogo kisha likatulia. Katika magurudumu ya bawaba khitilafu hujificha kwingine, yaani katika idadi. Villard alidai kuwa nyundo nne zingekuwa daima upande wa kushuka na tatu upande wa kupanda. Lakini mikono iliyonyooka upande mmoja hupeana nafasi kubwa, hali iliyokunjika upande wa pili husongamana, hata michache iliyo mbali ikalingana na mingi iliyo karibu. Worcester alisisitiza kuwa mawe ya pande mbili yawe sawa kwa idadi, na sharti hilo ndilo ambalo bawaba haiwezi kulitimiza daima.

Wengine husingizia msuguano, wakanunua beringi bora na mafuta mepesi. Msuguano huharakisha kusimama, lakini hesabu iliyo juu haikuuingiza hata kidogo, na bado jawabu lilikuwa sifuri. Zaidi ya hayo, gurudumu zito lisilo na kitu ndani, likisukumwa kwa mkono, huzunguka muda mrefu kuliko lenye nyundo, kwa kuwa kila nyundo inapogonga ukingo humeza sehemu ya mwendo na kuitoa kama kelele na joto. Kamani na gia nazo hazisaidii: kamani hurudisha kisichozidi kile ilichobanwa, na gia hubadilisha nguvu kwa mwendo bila kuongeza kazi.

Katika historia hii gurudumu lililotatiza wengi ni la Johann Bessler, aliyejiita Orffyreus, lililozunguka mwaka 1717 katika kasri la Weissenstein karibu na Kassel, chini ya ulinzi wa mtawala Karl. Lilikuwa na upana wa futi 12 na ndani yake pamefunikwa kwa kitambaa. Chumba kikafungwa na mlango ukapigwa lakiri tangu Novemba hadi Januari mwaka uliofuata, na lilikutwa bado likizunguka. Mwaka 1721 mwanachuoni Willem 's Gravesande alilikagua kwa nje, na baada ya hapo Bessler akalivunja mwenyewe. Miaka michache baadaye mjakazi wake alishuhudia kuwa lilikuwa likizungushwa kwa mkono kutoka chumba cha pili. Hata ukiuweka kando ushahidi huo, lakiri ya mlangoni huzuia mtu kuingia kwa mlango, wala haithibitishi kilichomo ndani ya kitambaa. Na mtambo usiofunguliwa hauwezi kuhesabiwa.

Muhali huu, hata hivyo, uliwahi kuwa chombo cha elimu. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, mwaka 1586 alichora mnyororo wa mipira 14 uliozungushwa kwenye pembetatu, mipira minne ikilala upande mrefu na miwili upande uliokuwa nusu ya urefu huo. Akasema kuwa minne ikiishinda miwili, mnyororo utateleza milele, jambo lisilokubalika. Kwa hiyo pande hizo zinalingana, na kutokana na hoja hiyo akapata kanuni ya uzito juu ya mteremko. Wengine walipouona mwendo wa daima kuwa lengo, yeye aliufanya burhani. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua kutopokea tena michoro ya aina hii, ikiona kuwa wenye kuifuatilia walikuwa wakijifilisi na kupoteza umri wao.

Basi mwenye mchoro mpya na asikatazwe kuchora, ila aanze na jiwe moja. Alifuate mzunguko mzima, aandike kila futi linayoshuka na kila futi linayopanda, hasa zile fupi za juu na za chini ambapo mtambo hubadili njia; na jumla isipozidi sifuri kwenye karatasi, asinunue mbao.