Hewa iingie, lori libaki barabarani

Nyumba mpya za Korogwe zinajengwa imara, ila nyingi hazina utulivu. Bloku za inchi 6, marumaru, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, vyote vimenunuliwa kwa jasho, na bado mwenye nyumba anasikia kila lori linalobadilisha gia kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Moshi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, hata saa nane hakuna kimya. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 usiku.

Kelele za nyumbani ni za aina tatu, barabara, mvua na mwangwi, na kila moja ina njia yake.

Tuanze na barabara. Ukuta si wa kulaumiwa. Bloku ya inchi 6 iliyopigwa lipu pande zote ina takriban kilo 300 kwa mita ya mraba, na uzito ndio unaozuia sauti. Balaa ni matundu. Ukuta wa mita za mraba 12 ukiacha uwazi wa asilimia 1, yaani tundu la sentimita 30 kwa 40, hautapunguza zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa zege tupu. Kagua matofali ya matundu juu ya dirisha, uwazi chini ya mlango, na dirisha la kuteleza ambalo mpira wake umeachia. Hapo ndipo lori linapoingilia.

Basi tuzibe kila kitu? Kwa joto la Korogwe, hapana. Magoda, humuhumu mkoani Tanga, wasanifu wa Ingvartsen kutoka Denmark walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta za mianzi, mbao au wavu wa kivuli. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha ndani kuna nafuu ya nyuzi joto 2.3 kuliko nyumba za kawaida za kijijini, na mbu walipungua sana. Lakini panapopita hewa, sauti nayo hupita. Kijijini hilo linavumilika. Kando ya barabara kuu, matundu yahamie upande wa pili wa nyumba. Stoo, choo na jiko vitazame barabara, vyumba vya kulala viwe nyuma. Kurudisha nyumba nyuma kutoka mita 20 hadi 40 kunaokoa kama desibeli 3 tu pale magari yanapofuatana, kwa hiyo kugeuza ramani kunalipa zaidi. Ukiwa na kiwanja kikubwa kwenye barabara ya Korogwe–Handeni, zungumza na mchora ramani kabla ya kuchimba msingi.

Mvua ni habari nyingine. Nyumba ya nyasi ya Wazigua wa Handeni haikujua kelele hizi. Bati la geji 30 ni jembamba na hutetemeka kila tone linapotua. Dari peke yake haitoshi, hasa kuta za ndani zinapoishia kwenye lenta: sauti ya chumba kimoja hupanda juu ya dari na kushukia cha pili. Mwambie fundi apandishe kuta za vyumba hadi chini ya bati, kisha juu ya dari atandaze kitu chenye nyuzi. Hapa Korogwe kitu hicho ni katani, zao lililoletwa nchini na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, ambalo mafundi wa mikanda ya jipsamu tayari wanalitumia kuimarisha kazi zao. Katani hushika moto, kwa hiyo nyaya zote zipite ndani ya bomba na taa za kuchimbia zisiguse nyuzi.

Mwangwi ndio rahisi. Kanuni ya Wallace Sabine wa Harvard inasema muda wa sauti kufifia ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawa kwa ufyonzaji wake. Sebule tupu ya mita 5 kwa 4, kimo mita 3, ikifyonza asilimia 3 tu, inabaki na sauti kwa sekunde 3.4. Makochi ya kitambaa, zulia na mapazia mazito yakiongeza mita za mraba 12 za ufyonzaji, inashuka hadi 0.65, na wageni wanaelewana bila kupaza sauti. Ila mapazia hayo hayatalizuia lori. Anza na mpira wa dirisha na uwazi wa mlango, zulia lisubiri.