Mbaruk wa Gazi: Mwasi wa Nani?

Kuna neno linaloniudhi katika maandishi mengi kuhusu Mbaruk bin Rashid wa Gazi: mwasi. Mwasi wa nani? Babake, Rashid bin Salim, ndiye Mazrui wa mwisho kuitawala Mombasa kabla Sayyid Said hajaitwaa mwaka 1837. Waliosalia wakagawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi. Mtu aliyenyang'anywa nyumba akirudi na bunduki, wewe utamwita mwasi, yeye atajiita mwenye nyumba.

Angalia basi nani alishika kalamu. Marekani ya karne hiyohiyo, Jenerali Ulysses Grant alitoka vitani, akawa rais 1869, kisha akajiandikia maisha yake mwenyewe, akamaliza siku chache kabla ya kufa 1885. Mbaruk tunasimuliwa na Arthur Hardinge, kamishna aliyempiga vita, katika kitabu cha kumbukumbu zake cha 1928. Ni kama kesi ambayo mwendesha mashtaka ndiye pia karani. Hata ile insha ya T. H. R. Cashmore ya 1968, iliyomo katika mkusanyo wa maisha ya viongozi sita wa Afrika Mashariki, ambayo angalau inamchukulia kama mwanasiasa, imeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Boston. Kijana wa Msambweni ataipatia wapi?

Ukweli wenyewe hauhitaji chumvi. Kwa miaka mingi alipigana na masultani wa Zanzibar kutoka Mwele, ngome yake msituni nyuma ya Gazi. Jeshi la Sultani likiongozwa na Lloyd Mathews likaiteka 1882, na bado jamaa hakuisha. Baadaye akala fedha za kampuni ya Waingereza, IBEAC. Kisha 1895 mtawala wa Takaungu akafa, Waingereza wakajichagulia mrithi wao, na Mbaruk akasimama na Mazrui mwenziwe aliyepitwa. Agosti mwaka huo Admirali Rawson akaichoma Mwele. Aprili 1896, baada ya askari kuletwa kutoka India, Mbaruk akavuka kwa Wajerumani.

Hapa ndipo vijana wenzangu wa mtandaoni wanapokuja mbio: mpigania uhuru! Pole pole. Naandika haya nikiwa Funzi, kisiwa cha mikoko na mashua, Gazi iko hapo juu tu kaskazini. Nilipomuuliza mzee mmoja habari za Mbaruk, akacheka: "Mjukuu wangu, wewe wataka shujaa ama wamtaka Mbaruk?" Swali zuri kuliko vitabu vingi. Mashamba ya Mazrui yalilimwa na watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka 1907, na bado kuna familia huku zinazojua babu yao alifika Gazi vipi, ila hawakwambii mbele ya wageni. Uhuru aliopigania Mbaruk ulikuwa wa ukoo wake kutawala. Ukimpaka rangi ya bendera ya 1963 unawafuta hao waliolima, mara ya pili.

Kwa hiyo simkubali Hardinge, na wanaomsafisha Mbaruk siwakubali pia. Wote wanamfanya mwepesi. Mimi namuona mwanasiasa hodari aliyejua kula huku na huku, ambaye bunduki kwake ilikuwa njia ya kujadiliana, mpaka akakutana na dola isiyotaka tena kujadiliana. Hilo linanivutia kuliko ushujaa.

Waingereza waliichonga Mwele ukingoni mwa medali za askari wao. Sisi kitabu cha Kiswahili cha maisha yake, kinachosomeka kwenye matatu ya Ukunda, tunakingoja. Atakayekiandika asianze na vita, tafadhali, vita tumeshavisikia. Mbaruk aliishi Dar es Salaam mpaka kufa 1910, miaka 14 chini ya Wajerumani, mzee asiye na jeshi wala mji. Alikula nini, alisali na nani, waliomfuata walipata nini? Mimi ningeanzia hapo.